Mashine Ilikula Bando, Nikaitwa Mwizi Mimi

Dafroza wangu,

Sikuulizi hali kwa sababu nakuona. Upo hapo nje umeinamia beseni, unasugua raba zako utadhani huko Biharamulo unakokwenda kesho hakuna vumbi. Mimi nimekaa ndani karibu na dirisha, nimechukua karatasi za daftari la mdogo wako, na nimemwambia baba yako asinisemeshe mpaka nimalize. Ameniuliza ninaandika nini kirefu hivyo wakati mtoto anakwenda wilaya ya jirani tu. Nikamwambia, "Wewe kapalilie maharage yako." Amecheka, akachukua jembe, akaondoka. Anajua nikiwa na hasira dawa yake ni kuniacha.

Ndiyo, nina hasira. Usishtuke, si juu yako.

Barua hii nitaiweka chini kabisa ya begi, chini ya mashuka, uikute ukishafika. Sitakuandikia habari za kula na kulala, wala nani wa kumwamkia kwanza asubuhi. Hayo nina miaka kumi na minane nakuimbia, kama hayajaingia mpaka leo basi karatasi haitaweza. Nataka kukuandikia habari ya bando la kituo, na ile ahadi niliyokupa. Uliniomba ninyamaze mpaka uondoke. Nimenyamaza kama ulivyotaka. Ila nataka ujue kwamba kwangu jambo halijaisha, hata kama nilikuwa naimba jikoni.

Nianze mwanzo, maana yalipotokea wewe ulikuwa bado bweni, uliyasikia vipande vipande, na vingine baba yako alivipunguza makali ili usome kwa amani.

Unajua nilikuwa natunza ufunguo wa kituo cha vijana pale Nyamiaga. Nafagia, napangusa kompyuta, natoa fotokopi, asubuhi nafungua, jioni nafunga. Nilikuwa naipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Mimi niliyeishia darasa la saba, nimefika hapa nchini nimeshika upindo wa kitenge cha mama yangu, nilikuwa naingia asubuhi kwenye chumba chenye kompyuta kama nane zimepangwa, nazipangusa moja moja, naona sura yangu kwenye kioo cheusi. Nilikuwa najiambia, mwanangu atakaa hapa. Na nilikuwa nachagua kabisa kiti chako, kile cha karibu na dirisha.

Intaneti ya kituo ilikuwa modemu moja ya kuchomeka, na Mratibu ndiye aliyekuwa analiweka bando la mwezi. Mwezi mmoja akaliweka leo, keshokutwa limekwisha. Akaja amevimba. Vijana walikuwa wamejaa darasani, wa hapa na wa Burundi waliokuwa wamevuka mpaka mwaka ule. Akasimama mlangoni, hakunisalimia.

"Nani ana ufunguo wa chumba hiki?"

"Mimi, Mratibu."

"Nani anabaki humu watu wakishaondoka?"

"Mimi, nikifagia."

"Basi nadhani wote mmesikia." Akawageukia vijana. "Bando la mwezi mzima! Mama huyu ameangalia picha za wapi hizo zenye kumaliza bando la mwezi mzima?"

Msichana mmoja nyuma akasema, "Labda alikuwa anatafuta ngoma za kwao." Wakacheka. Mratibu naye akacheka, halafu akasema lile neno. Akasema, "Hawa wamezoea vya bure tangu kambini. Mkimbizi ni mkimbizi tu, hata akizalia hapa."

Nimeolewa hapa. Nimekuzaa hapa. Wadogo zangu wawili wamezikwa hapa, tangu ile miaka ya kambi ya Benaco, kipindupindu kilipopita. Hata kambini kwenyewe sikukaa, tulifikia kwa watu Mugoma, tukalima. Lakini neno lile lilivyotoka, nikajiona nimesimama tena mpakani na kitenge cha mama mkononi.

Sasa nikuambie kinachoniuma zaidi ya neno lenyewe. Aliponyoosha mkono nimpe ufunguo, nilimpa, na nikasema, "Asante, Mratibu."

Asante! Mtu ananiita mwizi mbele ya watoto, mimi namshukuru.

Nimelifikiria hilo nikiwa nalima, nikiwa kanisani, nikiwa nakusonga nywele. Lilitoka wapi? Lilitoka kwa bibi yako. Tulipovuka, mama alitufundisha kusema asante kabla hata hatujajua tunapewa nini. Askari akitupekua, asante. Mtu akitupa uji, asante. Mtu akitwambia ondokeni hapa barazani kwangu, asante, tunaondoka. Ilituokoa, sikatai. Lakini mama hakuwahi kutwambia siku ya kuacha. Akafa hajatwambia, na mimi nikaendelea nayo kama mtu aliyesahau kuvua koti la mvua na jua limeshawaka. Ndiyo maana nakuandikia. Wewe umezaliwa kwenu. Hakuna aliyekuvusha. Lakini nimekusikia nawe unasema asante kwa sauti ile ile yangu, na mara zingine hujapewa kitu.

Basi. Nikarudi nyumbani. Nilidhani maneno yatabaki kituoni, kumbe yamenitangulia. Gulioni Mugoma mama mmoja wa nyanya aliniona nakuja, akaficha simu yake kifuani, akapiga kelele, "Ficheni, ficheni, mwenye njaa ya bando anapita!" Watu wakavunjika mbavu. Nami nikacheka ili nisilie. Na kwenye jumuiya yetu ya kanisani, nilikokuwa natunza ufunguo wa kigango, mwenyekiti akaja kwangu taratibu, na heshima zote, akasema, "Mama Dafroza, tumeona ufunguo upumzike kwa mwingine kidogo." Hakusema kwa nini. Mpaka leo uko kwa mwingine. Wewe ulidhani nimeuacha mwenyewe kwa sababu ya miguu. Miguu yangu haina shida yoyote.

Na ubaya wake ni kwamba bando lenyewe lilikuwa limekwisha kweli. Nilijua sikuligusa, lakini sikujua limekwenda wapi. Bando huwezi kulifuata nyayo kama mbuzi.

Aliyenifungua macho ni Mama Belyse, yule mwalimu aliyevuka na wanawe akafikia kwa dada yake hapa jirani, kabla hawajachukuliwa kupelekwa kambini. Alikuwa anafundisha kompyuta sekondari huko kwao. Amekimbia na mtoto mgongoni, mtoto mkononi, na kwenye furushi la nguo laptopu na diski ya nje, ile ya kuhifadhia vitu vingi. Alikuja kwetu kuomba kuchaji kwenye sola ya baba yako. Nikamsimulia yaliyonikuta, kwa Kirundi, maana hasira yangu inatoka vizuri kwa Kirundi.

Hakunipa pole. Akauliza, "Modemu ilikuwa inabaki imechomekwa?"

"Kila siku."

"Na kompyuta zinawaka?"

"Zinawaka tangu asubuhi."

Akatikisa kichwa. "Una bando hata dogo kwenye laini yako? Leta."

Nikampa laini yangu, akaitia kwenye modemu yake, akachomeka kwenye laptopu, akaiwasha. Halafu akasema, "Sasa weka mikono mgongoni. Na mimi naweka yangu. Asiguse mtu."

Tukakaa hivyo kwenye mkeka kama watoto wa chekechea. Baba yako akapita, akatuangalia, akauliza, "Mnasali?" Mama Belyse akamjibu, "Tunakamata mwizi, baba." Tukakaa. Kuku akaja akadonoa kamba ya chaja, nikamfukuza kwa mguu, mikono bado iko nyuma. Taa ya modemu inapepesa tu, inapepesa tu, na kwenye kioo hakuna kitu, picha ya maua. Hatukuwa tumefungua chochote. Halafu programu ya modemu ikaleta ujumbe pale pale kwenye kioo: bando lako limekwisha.

Dafroza, nilisimama. Nilitaka kuichukua mashine ile niitupe migombani.

Mama Belyse akanieleza. Kompyuta ina mfumo endeshi, ndio roho yake, na wenye kuutengeneza kila mara wanautolea marekebisho, wanaziba matundu ambayo virusi vinapitia. Ndizo wanazoziita apdeti. Na kompyuta ikiona intaneti tu, inajipakulia yenyewe, chini kwa chini, bila hodi. Zikiwa nane, kila moja inajipakulia ya kwake. Kitu kile kile kimoja, mara nane, kupitia modemu moja.

Nikamuuliza, "Bila kuuliza mwenye bando?"

"Bila."

"Hao waliotengeneza wamewahi kununua bando, hao?"

Akacheka. "Kwao intaneti inatoka kama maji ya bomba, Mama Dafroza. Hawajui kuna watu wanaichota kwa kikombe."

Hasira yangu ya kwanza ndiyo hiyo, na sijaiacha. Mtu amekaa kwake, ananyoosha mkono mpaka kwenye meza yetu Nyamiaga, anachukua, na mimi ndiye naitwa mwizi. Sisemi apdeti ni mbaya. Mama Belyse alinieleza shule yao ilivyozizima zote ili kubana matumizi, mpaka virusi vikaja kwenye flashi ya mwanafunzi vikameza alama za mtihani za kidato kizima. Zinatakiwa. Ninachochukia ni kule kuchukua bila hodi, kana kwamba sisi hatupo.

Nikamuuliza, sasa wenye kikombe wafanye nini? Akasema, mnachota mara moja, mnahifadhi, mnagawana. Yaani unapakua apdeti kama faili, mara moja tu, sehemu yenye mtandao, unaiweka kwenye diski, halafu unatembea nayo mashine kwa mashine, unaifungua hapo bila intaneti yoyote.

Hapo nikaelewa upesi kuliko alivyotarajia. Kwani sisi si ndivyo tulivyoishi na moto? Ile miaka kuni zilipokuwa shida, miti imekatwa yote kwa ajili ya kambi, hakuna aliyekuwa anawasha kiberiti kila nyumba. Unakwenda kwa jirani na kipande cha ganda la mgomba, anakuwekea kaa la moto, unakimbia nalo unapuliza. Jiko lake halikupoa kwa sababu yako, na wewe ukiwasha, wa pili anakuja kwako. Nikamwambia, "Kumbe ni kuomba moto." Akanitazama, akasema nimemaliza somo.

Sikuwa nimemaliza. Makosa yalikuwa mbele.

Mtandao wa hapa nyumbani unaujua, unasimama kwa mguu mmoja. Tukapanda kilima cha nyuma ya nyumba ya dada yake. Kulikuwa na kivuli kizuri cha mikaratusi upande ule unaotazama Burundi, na modemu ikaonyesha mtandao umejaa mpaka juu. Mama Belyse akafurahi. Mimi mtu wa Mugoma, ambaye kila mtoto wa Mugoma anajua ukisogea upande ule simu inakukaribisha nchi nyingine, nilisahau. Nilisahau kabisa kwa ajili ya kivuli! Modemu ikashika mtandao wa ng'ambo, na salio lote la akiba nililokuwa nimeliacha kwenye laini likaliwa kabla hatujapakua hata robo. Nilishika kichwa. Mama Belyse akalala chali kwenye nyasi, anacheka mpaka machozi.

"Mana yanje, Mungu wangu! Mimi nimekimbia kwa miguu, mtandao unanirudisha kwa hewa!"

Nilicheka na mimi. Alikuwa hajacheka hivyo tangu avuke, dada yake aliniambia baadaye.

Siku nyingine tukakaa upande wa jua, tumeipa Burundi mgongo, nimejifunika kanga kichwani na laptopu imefunikwa kanga nyingine tuweze kuona kioo. Kabla hajaanza akaniuliza, "Kompyuta za kituoni ni za aina gani?"

Nikamjibu kwa uhakika wote: "Kama hii yako. Nyeusi."

Akapakua. Asubuhi nzima, mvua ikitisha, mtandao ukikatika na kurudi, tukashukuru kwamba ana programu ya kuendeleza pale palipokatikia. Tukashuka washindi. Wiki ile akaenda kituoni kuchapa karatasi zake, akachungulia kwenye mashine mojawapo, akarudi anatembea polepole. Akasimama mlangoni kwangu, akasema neno moja tu: "Nyeusi!"

Kumbe kwa nje zinafanana, ndani kuna za biti thelathini na mbili na kuna za biti sitini na nne, na apdeti ya hii haiingii kwa ile. Tulikuwa tumebeba mzigo wa mashine zisizokuwepo. Nikauza kuku, tukapanda tena. Mpaka siku anaondoka, akinitania alikuwa ananiita Mama Nyeusi.

Siku ile ya tatu kilimani aliniuliza swali ambalo na wewe uliwahi kuniuliza. "Kwa nini unahangaika hivi kwa ajili ya watu waliokuita mwizi?" Nikamwambia kompyuta hazikuniita mwizi. Na nikamwambia kuna binti yangu atakuja kukaa kwenye kiti cha dirishani, sitaki akute mashine imekufa.

Basi la kambini likamchukua muda si mrefu. Diski aliniachia. Alisema, huko sijui hata kama nitaona umeme, wewe endelea kuwapa watu. Sijui yuko wapi sasa hivi na wanawe. Namwombea kila jioni kwa jina, nawe mwombee.

Ukarudi, umemaliza kidato cha nne, ukaanza masomo pale kituoni. Na hapa ndipo hasira yangu ya pili ilipo, iliyo kubwa. Mimi nimeshaondolewa miezi na miezi, ufunguo sina, mguu wangu haujakanyaga pale, na bando likaendelea kwisha! Mwezi uliofuata likaisha. Uliofuata, likaisha. Mratibu akabadili nywila, likaisha. Akamshuku kijana mwingine, akamfukuza naye. Dafroza, kuna mtu yeyote katika wote wale aliyesimama akasema, jamani, basi hakuwa Mama Dafroza? Hata mmoja? Yule msichana wa ngoma za kwao alikuwepo. Katibu wa kituo alikuwepo. Mratibu ana macho. Hesabu ile hata kuku anaiweza.

Ukaichukua diski, ukaenda, ukaingiza apdeti kwenye zote, ukaziambia zitambue kwamba mtandao ule ni wa kupimiwa zisijichotee, na bando likafika mwisho wa mwezi. Nilijivunia, mwanangu. Nililia kwa furaha kule nyuma ya nyumba. Mratibu akakusifu mbele ya watu, akakuandikia barua nzuri ya kukutambulisha kule zahanati ya Biharamulo ulikoomba kazi. Halafu akatuma salamu kwa mdomo wako: "Mwambie mama naye arudi tu afagie, yaliyopita yamepita."

Yamepita wapi? Kwake yamepita. Kwangu yapo gulioni, yapo kigangoni, yapo kwenye ule ufunguo ulioko kwa mwingine. Hata samahani yenyewe haikuletwa.

Nilikuwa nimeshavaa viatu, unakumbuka. Ukasimama mlangoni, ukanishika mikono yote miwili, ukasema, "Mama, ninakuomba. Akikasirika ataiondoa barua yake. Nyamaza mpaka niondoke." Nikakuangalia usoni, nikaona woga ambao niliufahamu. Ulikuwa wangu. Nikavua viatu. Sikuvua kwa kumwogopa yeye. Nilivua kwa sababu kazi ni yako na sikuwa na haki ya kuichezea.

Lakini nimefuatilia. Nilipompigia mganga mfawidhi wa zahanati kumuuliza utalala wapi, nilimuuliza na hili. Nikasema, daktari, aliyemwandikia mwanangu barua akibadilisha mawazo, itakuwaje? Akasema, "Mama, usaili tumemfanyia wenyewe. Barua ile imekaa kwenye faili tu. Sisi tunataka mtu wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa ambaye mashine haitamfia mkononi." Siwezi kukuapia kwamba ndivyo ilivyo mpaka mwisho. Bado uko kwenye majaribio, na watu wanajuana. Nakuambia alichoniambia, upime mwenyewe.

Aliniambia na jambo lingine. Binti aliyekuwepo kabla yako aliondolewa kwa sababu kompyuta iligoma katikati ya apdeti, umeme ulipokatika. Hakuna aliyemfundisha, hakuna aliyemnunulia betri ya akiba, na umeme haukukatwa na yeye. Akaondoka. Nilipoisikia habari ile nilimwona kabisa, nikajua alisema nini akiwa mlangoni anatoka.

Kwa hiyo sikuagizi mengi. Namna ya kupakua na kuhifadhi unaijua kunizidi, flashi yenye nakala nimeiweka ndani ya soksi yako ya bluu, diski yenyewe inabaki hapa kwa wanaokuja kuomba. Mtu wa huko akija na mashine yake mgonjwa, mpe. Hata kama alikusema. Nitakachokuomba ni kimoja: ukiona jambo linakuja, sema mapema. Siku ya kwanza, mwambie mganga, mashine hii ina hali hii, mtandao hapa hakuna, nitakuwa nakwenda mjini kuchota, na umeme ukiwa wa kusuasua sitaanza kuingiza chochote. Sema hivyo wakiwepo watu. Si kwa ukali. Mimi nimegundua maneno yakitoka mapema hayahitaji ukali, ukali unaingia pale yanapochelewa. Yangu yamechelewa, ndiyo maana umekuta karatasi zote hizi zimechimbika kwa kalamu.

Na ukipewa kitu, shukuru. Ukinyang'anywa, usishukuru. Mwenzio nimetimiza umri wa miaka thelathini na mitano ndipo nikavitofautisha.

Sasa lile la mwisho, na ndilo lililonikalisha hapa. Ahadi yangu ilikuwa mpaka uondoke. Kesho nitakusindikiza stendi, nitakubeba begi, nitapunga mkono mpaka basi lipotee kwenye kona. Halafu sitarudi nyumbani moja kwa moja. Nitapita kituoni, saa ambayo darasa limejaa. Nitaamkia, nitasimama pale pale mlangoni aliposimama yeye, na nitasema: Mratibu, bando halikuliwa na mimi. Lilikuwa linaliwa na mashine, unajua, na umejua tangu mwanangu alipozizuia. Uliniita mwizi mbele ya watoto hawa. Nataka uniondolee jina hilo mbele ya hawa hawa, halafu Jumapili uliondoe mbele ya jumuiya. Kazi ya kufagia sitaki. Nataka jina langu.

Anaweza kukataa. Anaweza kunitukana tena, nimejiandaa. Safari hii akinijibu vibaya atamjibu mtu aliyesimama. Baba yako nimemwambia. Akasema, "Vaa ile suti yako ya kitenge." Ameipiga pasi mwenyewe.

Usinipigie simu kunizuia. Ukisoma hapa jua limeshapinda, nimeshasema. Ikikuharibikia kwa ajili ya hili, rudi, tutapanda kilima pamoja na tutatafuta mlango mwingine, na nitakuomba msamaha uso kwa uso. Lakini sidhani. Sijui kwa nini, tangu nianze kuandika moyo wangu umekuwa mwepesi, kama mtu anayekwenda sherehe.

Naona umemaliza raba, unazianika juu ya paa la banda la kuku. Unajifuta mikono kwenye sketi, tabia mbaya hiyo. Sasa hivi utaingia uniulize ninaandika nini, nami nitakudanganya kwamba ni mahitaji ya duka.

Lala vizuri, mwanangu. Wewe kesho una safari ya kuanza, na mimi ninayo yangu. Tutazianza asubuhi moja.

Mama yako,
Spesioza